Kibao cha Mwizi

"Ndiye huyuhuyu," mwoka mikate alimwambia hakimu. "Kulikuwa na giza, lakini huu uso naujua. Nimeuona mara nyingi."

Muuza vitambaa na kinyozi, majirani zake, nao wakaapa vivyo hivyo.

"Jamani, mtaa wenu sijawahi hata kuukanyaga!" mshtakiwa alilia. Nani amsikilize? Ghala limevunjwa, mlinzi kafa, na mashahidi ni watatu. Hakimu akasema anyongwe kesho asubuhi.

Kaka wa mshtakiwa, mchonga vibao vya kuchapia picha, alirudi karakanani kama gogo. Hakulia. Aliona mikono yake ikifungua mlango, basi.

Mama yao alikuwa ameshafika, ameketi juu ya rundo la karatasi. "Mwanangu, wewe ndiye mkubwa. Nenda kwa hakimu, mwambie wamemfananisha."

"Wote watatu, mama?"

"Basi huo uso wameuonea wapi?"

Akaanza kupanga patasi zake mezani.

Tajiri mwenye karakana akaingia, akikohoakohoa. Kufa kufaana: mtu akinyongwa, picha yake iliuzwa palepale wino ungali mbichi, na wenye maduka waliitundika ukutani kutishia vibaka. Duka gani lilikosa? Mama tu ndiye hakuzitazama kamwe. Alisema ni mikosi mitupu.

"Pole, fundi," tajiri alisema. "Najua ni damu yako. Lakini watu watataka picha, na usijitese kuchonga upya. Chukua kile kibao chetu cha zamani, cha mwizi, kilichouza kila duka. Mwili ni uleule siku zote, wewe badilisha uso tu."

Mchongaji akaitikia kwa kichwa. Wala hakukasirika.

Kibao hicho kilikuwa kazi yake ya kwanza, enzi zile hana hata senti ya kumlipa mtu akae achorwe. Amechonga vingapi tangu hapo? Sura aliyoichonga humo alikuwa ameshaisahau. Alikitoa rafuni, cheusi kwa wino, akakiweka dirishani, akashika patasi.

Patasi haikushuka.

Mama alimwona amesimama vile, akainuka. Safari hii alitazama. Akapangusa vumbi kwa ncha ya khanga, akainama karibu, akaupapasa kwa kidole uso wa yule mtu wa kitanzini.

"Mwanangu," akasema, "mbona mdogo wako ulishamnyonga zamani?"