Nyumba ya Kunyamaza

Kuta za siku hizi zina masikio kweli, na ukuta uliosikia mauaji hauruhusiwi kuzimwa mpaka mtaalamu wa polisi aje kuufungua. Wilaya nzima mtaalamu ni mmoja. Ukuta wetu ulimsikia aliyemuua mume wangu, ila kumbukumbu zake zimejaa, na kila sauti mpya inafuta ya zamani. Basi mimi na binti yangu tunaishi kwa ishara. Hata vitunguu tunakwenda kukaangia kwa jirani.

Asiyejua kunyamaza ni Koplo Madenge. Kila Jumamosi anaingia na hodi ya kuamsha mtaa.

"Shemeji, poleni! Mtaalamu yuko njiani!"

Leo nilimvuta hadi uani. "Koplo, unatufutia ushahidi."

"Mimi? Semina tulienda, shemeji. Pilau tulikula, vyeti tukapewa. Hilo la kufuta hawakutuambia."

Nilicheka, nikamweleza taratibu mpaka akaelewa. Akanishukuru sana kwa kumfumbua macho.

Kisha akarudi ndani, akavuta kiti karibu na ukuta, akaanza kunisimulia ugonjwa wa mama yake, tangu mwanzo.