Mbwa Aliyenichagua

Siku hizi nyumba ambayo haijachaguliwa na mbwa haipewi mtoto wa kulea. Vyeti hawavitaki. Unasimama tu kwenye uwanja wa kituo cha wanyama, banda linafunguliwa, unasubiri.

Mimi na mume wangu Shedafa, mbwa walikuwa wametupita mara tatu. Jumamosi hiyo nilipeleka ndoo ya vichwa vya samaki, kama majirani wanaokuja kila wiki kuwapikia na kuwaogesha wale wanyama. Wenzangu walileta kwa moyo. Mimi nilileta ili ninukie.

Bi Mwanaidi, mlezi wa kituo, alifungua banda. Mbwa mmoja mzee, sikio limechanika, alichechemea moja kwa moja hadi kwangu, akaukalia mguu wangu. Karanga, mbwa wetu wa zamani, alikuwa akikaa hivyo hivyo.

Alikuwa Karanga.

Miaka minne iliyopita, tulipohamia ghorofani, nilimshusha kwenye gari karibu na dampo. Alilifuata gari mbio mpaka pumzi zikamwishia. Nilimwona kwenye kioo.

Majirani walipiga vigelegele. "Hongera, dada!" alisema Bi Mwanaidi, machozi yakimlengalenga. "Huyu hajawahi kumfuata mtu. Kila Jumamosi anakaa anaangalia lango tu."

Shedafa alininong'oneza sikioni, "Uliniambia aligongwa na gari."

Karanga alikuwa akinilamba vidole, vile vile vilivyomfungulia mlango siku ile.

"Mbwa hakosei," alisema Bi Mwanaidi, akigonga muhuri. "Mtoto mje mumchukue Jumatatu."