Wimbo wa Mlangoni kwa Xoco

Kamba ya kumnyongea Tozqui ilikuwa imeshasokotwa na kuvalishwa maua, kama anavyostahili mtoto wa mfalme. Mama yake, Centehua, aliipita barazani kama mtu anayepita kamba ya kuanikia nguo. Tangu jana hakuwa akihisi kitu.

Kosa la kijana lilikuwa wimbo. Aliuimba mlangoni kwa Xoco, mke mdogo wa baba yake, wajakazi wakasikia. Nyimbo za mfalme Mazatl huimbwa na yeyote, popote. Mji wote wa Atlixocan umelelewa nazo. Lakini ukimpelekea mke wa mfalme wimbo ulioutunga mwenyewe, unakufa. Sheria hiyo aliiweka Mazatl, pamoja na ile ya kumnyonga yeyote anayesema uongo mbele ya mkeka wa hukumu. Kwa sheria hiyo ya pili alishamnyonga ndugu yake wa tumbo moja.

Asubuhi Centehua alimkuta mfalme akinywa kakao.

"Bwana, sema wimbo ni wako. Neno moja tu, mtoto apone."

"Mimi niseme uongo, Mama Tozqui? Mimi?"

Centehua alimtazama tu, mpaka mfalme akarudisha macho kwenye kikombe chake.

Barazani watu walijaa, na wanawake walisema bila hata kujificha.

"Kipaji kamrithi baba yake."

"Na akili je, kazisahau tumboni?"

Hakimu Huitzil, mzee aliyekua pamoja na mfalme, akaketi kwenye mkeka wa hukumu na kumwamuru kijana auimbe wimbo wenyewe. Tozqui aliimba habari za ndege anayeliombea mvua ua lisilo lake. Hakukosea neno. Waimbaji wa ikulu wakatazamana.

"Mtukufu," alisema Huitzil, "wimbo huu hatujawahi kuusikia. Ila unafanana na nyimbo zako kama mtoto na mzazi wake. Ni wako?"

Tozqui akafumba macho. Centehua aliiangalia ile kamba akisubiri moyo wake ushtuke, wala haukushtuka.

"Ni wangu," alisema Mazatl.

Baraza zima likapiga kelele. Walinzi wakamwachia kijana. Huitzil alimsogelea Centehua huku machozi yakimtoka.

"Umeona mapenzi hayo, mama?" alimnong'oneza. "Mtu hajasema uongo tangu azaliwe. Leo kausema, kwa ajili ya mwanawe."

Centehua aliitikia kwa kichwa. Waimbaji walikuwa wameshaanza kuukariri wimbo, wakitanguliza jina la mfalme. Kwa miaka ishirini na miwili, "Ni wangu" ndivyo Mazatl alivyosema juu ya kila wimbo ambao Centehua alimtungia. Sasa ameanza na nyimbo za mtoto.