Kontroli na W

"Kontroli na W! W, shoga, W!" akanong'ona jirani wa meza.

Kidosho akabonyeza kibodi ya kompyuta. Ukurasa ukapotea, pu! Nyuma ya kiti chake kikapita kikohozi: kohoo, kohoo. Bosi huyo. Afadhali kikohozi chake kilimtangulia kila aendako, kama king'ora. Ofisi nzima ilimwita Mzee Koho, kimyakimya lakini.

Alipopita tu, Kidosho akabonyeza Kontroli, Shifti na T. Barua yake ya kuomba kazi kwingine ikarudi nzima nzima, haijapungua hata nukta. Raha iliyoje! Mwisho wa kuituma ni saa sita mchana. Akiikosa kazi hiyo, basi tena, atamchapia Mzee Koho barua zake mpaka aote mvi.

"Malizia basi!" akanong'ona tena jirani yake, yule shoga yake wa kufa na kuzikana.

Kohoo! W. Kimya. T. Kohoo! W tena. Vidole vikaanza kuteleza kwa jasho.

Mara kikohozi kikasimama. Mgongoni kwake!

"Binti."

"Abee, bosi."

"Huo ukurasa umeufungaje chapuchapu namna hiyo?"

Mama yangu! Kidosho akajua leo kibarua kimeota nyasi.

"Ko... Kontroli na W, bosi."

"Na kuurudisha?"

"Kontroli, Shifti na T."

"Ala! Na mtu akinakili maneno ya barua yake ya zamani, ayabandike bila kubeba ule mwandiko wa kizamani?"

"Kontroli, Shifti na V."

Bosi akatikisa kichwa kwa heshima, akaingia ofisini kwake, akajifungia. Shoga mtu alikuwa chini ya meza, anajifanya anaokota kalamu. Barua ikatumwa saa sita kasorobo.

Wiki iliyofuata Kidosho akaaga kwamba jino linamuua, akaenda kwenye usaili. Chumba kimejaa waombaji, nguo zimepigwa pasi, kila mmoja na bahasha magotini. Akajibana kando ya mwombaji mmoja aliyejifunika gazeti uso mzima.

Simu ikatetemeka. Shoga mtu: "Vipi huko?"

"Kohoo," likasema gazeti.

Kidole cha Kidosho kikaruka chenyewe, kikaitafuta W hewani. Gazeti likashuka taratibu, mpaka puani.

Akaandika: "Shoga, kesho nitakupa yote, ukae chini kwanza. Sasa hivi Mzee Koho ananiuliza hapa tunabonyeza nini."