Taa Mpya ya Sebuleni

Bi Mwanakheri alikuwa haoni mwaka wa pili sasa, na hakuna aliyejua. Zulekha, mke wa mwanawe, alishatangaza mbele ya mashoga zake: macho ya mama yakimwisha, anahamia chumba cha uani, chake kipangishwe. Basi bibi akajifunza kuisikiliza taa. Zile tyubu ndefu zilizozamishwa darini zilivuma kama nyuki kila zilipowashwa, naye akisikia tu, huinua uso: "Nani kawasha taa mapema hivi?" Zulekha huenda zake jikoni.

Jioni moja fundi alizing'oa tyubu hizo, akapachika za LED. Majirani wakajaa sebuleni kutazama zitakavyowaka, maana mtaa ule hata ndoo mpya ilipokelewa na wageni.

Zulekha akaweka kidole mdomoni, wote wakanyamaza. Akabonyeza swichi mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, hata ya nne.

"Haya mama, waionaje taa yetu?"

Bi Mwanakheri akatega sikio. Hakuna kilichovuma.

"Nzuri, mwanangu," alisema, akainua kiganja kukinga macho. "Ila kali. Inaniumiza."

"Pole, mama," alisema Zulekha gizani. "Mpeni miwani ya jua, jamani, asije akaungua."

Wanawake wakabana vicheko kwenye kanga. Bibi naye akacheka kidogo, asibaki nyuma. Kiganja kilikuwa bado juu aliposikia, kule chumba cha uani, mtu akianza kufagia.