Nguchiro na Shimo la Hewa Mbaya

Nguchiro aliwafundisha wanyama kazi ya uokoaji, na mwanafunzi aliyemchosha kuliko wote alikuwa Kakakuona, kwa maswali yake.

"Mkisikia mayowe, simameni kwanza," alisema Nguchiro. "Jueni hatari ni nini na upepo unatoka wapi. Kisha mmoja tu atoe amri."

"Hata anayelia akiwa ndugu yangu, mwalimu?"

"Hata akiwa mama yako! Mbona huelewi?"

Asubuhi moja mayowe yalitoka kwenye shimo la machimbo ya zamani, lililojaa hewa ya sumu. Tumbili alikuja mbio. "Mwalimu, mwanao ametumbukia!"

Nguchiro alitimka bila kutazama upepo wala kumngoja mtu. Kakakuona aliyekuwa karibu na shimo alijiviringisha mbele yake, akaziba njia.

"Nipishe! Mwanangu anakufa!" Nguchiro alipiga kelele, akamng'ata.

"Ukiingia, tutakuwa na wawili wa kuokoa," alijibu Kakakuona. "Leo amri natoa mimi. Mwalimu, simama kule upepo unakotoka, umwite mwanao asilale. Tumbili, tupa kamba. Nyati, vuta!"

Mtoto aliisikia sauti ya baba yake, akaishika kamba, akavutwa nje akikohoa. Nguchiro alimkumbatia, kisha akamgeukia mwanafunzi wake kwa aibu.

"Nisamehe, Kakakuona. Nimekung'ata."

"Mimi nina magamba, mwalimu," alisema Kakakuona. "Pole wewe na meno yako."