Hesabu Tisa Mbovu

"Rudisha nyuma. Hapo hapo! Simamisha!"

Daktari alipiga meza mpaka chai ikaruka kikombeni. Kwenye simu ya msimamizi wa jengo, ambaye wote humwita Bwana Funguo, picha ya kamera ya siku kumi zilizopita iliganda: saa moja asubuhi, maabara haina mtu, na yule msafishaji wanayemwita Kimya ameinama juu ya kompyuta ya Daktari, kidole kiko kwenye kibodi.

Kimya mwenyewe alikuwa amesimama mbele yao, fagio mkononi. Alikuwa amerudi kazini asubuhi hiyo baada ya likizo ya siku tisa ya kumuuguza mama yake. Tangu afike alikuwa amemimina chai tu, basi.

"Hesabu tisa," Daktari alisema, akihema. "Zote mbovu! Unajua hesabu moja inakula siku nzima?"

Kimya alijua. Ukipiga deki chumba kimoja miaka miwili, unasikia mengi. Kila jioni Daktari aliandika tarakimu za hesabu mpya, akaenda zake. Saa mbili asubuhi kompyuta ilianza yenyewe kukokotoa jinsi chembe ya dopamini inavyonata kwenye neli ya kaboni, neli nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Siku moja Daktari, akiwa na furaha, alimweleza faida yake: "Dopamini ikipungua kichwani, mikono ya mtu inaanza kutetemeka. Neli hii itagundua mapema, kabla mwenyewe hajajua kama anaumwa."

Umbali wa kuanzia kati ya chembe na neli ulikuwa 3.2. Daktari aliuandika kwenye karatasi akaubandika ukutani mwaka juzi, enzi zile alipokuwa na mwandiko mkubwa. Siku hizi maandishi yake yalikuwa kama msafara wa sisimizi.

"Faili zote tisa zina 33.2!" alifoka. "Chembe iko kule, neli iko huku, kompyuta inahesabu hewa tupu! Mimi tarakimu hii naiandika miaka kumi, hata siitazami. Sasa niambie, nani kaigusa?"

"Siku tisa hizo sikuwepo, Daktari."

"Uliweka mtego kabla hujaondoka! Kamera si hii? Siku ya kabla yake upo. Wiki ya nyuma yake upo. Kila siku kidole!"

"Na hesabu za siku hizo zilikuwa mbovu?"

"Usinibadilishie mada!" Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, kama kawaida yake ya siku hizi, akipunga hewani kwa wa kushoto. "Mtu umeishia shule ya msingi, unagusa kitu ambacho hata jina lake huwezi kulitamka. Chai unanipimia nusu kikombe kila siku kama mgonjwa wa hospitali, nimenyamaza. Hili sinyamazi. Bwana Funguo, mpe karatasi asaini, aondoke."

Bwana Funguo alikohoa, akaitoa barua. "Dada, kama uligusa, sema tu. Tutaandika umeacha kazi mwenyewe."

Kimya aliiona barua, akamwona mama yake kitandani na dawa za mwezi ujao. Hasira ilimpanda taratibu, kama maji kwenye ndoo, mpaka ikafika ukingoni.

"Niligusa," alisema. "Kila siku niligusa. Na sisaini."

"Umemsikia? Umemsikia mwenyewe!"

"Andika sasa hivi, Daktari." Aliegemeza fagio, akaenda kusimama dirishani, mbali, mikono nyuma. "Mimi niko huku. Andika hiyo tarakimu, Bwana Funguo akiwa shahidi."

"Wewe unipe mimi mtihani?"

"Mmoja tu. Kisha nifukuze."

Daktari alicheka kwa uchungu. Akauchomoa mkono mfukoni, akaandika huku akimkodolea macho Kimya, wala hakuitazama skrini. "Haya! Tayari. Msomee, ashibe."

Bwana Funguo aliinama kwenye skrini. Akatazama mkono wa Daktari, bado uko juu ya kibodi, ukitetemeka. Akatazama tena skrini, na barua akaikunja bila kujua anaikunja.

"Thelathini na tatu," alisoma polepole, "nukta mbili."

Kimya alitoka dirishani, akainama, akaifuta ile tatu iliyozidi kwa kidole kimoja, kama alivyofanya kila asubuhi. Kisha akamsogezea Daktari chai yake, nusu kikombe, isimwagike.